Kiswahili Kiingie Kwenye Sanduku la Betri

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, jahazi si chombo cha safari tu. Mabaharia hulala humo, hupika humo, na siku hizi huchaji simu humo. Utakuta betri ya gari, paneli ya jua, na kipande cha ubao kilichotobolewa matundu ya swichi na soketi mbili tatu. Ubao huo hufungwa na kijana aliyejifunza kwa kutazama wenzake. Mimi simlaumu kijana huyo. Nawalaumu wasomi wa Kiswahili, nikiwamo mwenyewe.

Nilikuwa ndani ya mashua kati ya Palma na Mocímboa da Praia waya ulipoanza kutoa moshi. Fyuzi ilikuwa imekatika mara mbili, fundi akaweka uzi wa shaba mahali pake. Nahodha aliung'oa waya kwa mkono, akaungua vidole. Dumu la petroli lilikuwa miguuni petu. Baadaye nilionyeshwa karatasi ya maelekezo iliyokuja na inveta: Kiingereza upande mmoja, Kichina upande wa pili. Hakuna aliyeweza kuisoma.

Wapo wanaosema volti 12 haziui. Ni kweli, hazikurushi, lakini zinaunguza. Kifaa cha wati 240 nyumbani, kwenye volti 240, huvuta ampea 1. Kwenye betri ya volti 12 kifaa hicho huvuta ampea 20, na waya mwembamba hauwezi kuzibeba bila kupata moto. Nyaya mbili za betri zikigusana, mamia ya ampea hupita kwa mara moja.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Hao wamechelewa. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Na kama kamusi haitoshi, nisomeni hapa:

Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Ukubwa wa fyuzi ufuate unene wa waya, si hamu ya kifaa. Kila soketi iwe na fyuzi yake. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu kabla ya kuweka nyingine. Ubao ufungwe juu, mbali na maji ya ngama na mbali na petroli. Viungo vibanwe vizuri na kupakwa grisi, maana chumvi hula shaba, na kiungo kilicholika hupata moto.

Je, kuna neno lililokushinda?

Wengine watasema watu wa huko wana Kimwani na Kimakwe, na lugha ya serikali ni Kireno. Lakini Kireno ni cha aliyekaa shuleni, na wengi wa mabaharia hawa hawakukaa. Kimwani ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na biashara na Mtwara imewapa wengi wao Kiswahili cha kutosha kuelewa aya ile niliyoandika. Atakayeweza kuiandika kwa Kimwani na aiandike, nitamshukuru.

Mwaka 2019 SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne, nasi tukapiga makofi. Lugha ya ukumbi wa mkutano ambayo haijui kumwambia baharia aweke wapi fyuzi imekwenda wapi? Tunaandika tasnifu juu ya takriri na taswira, nami nazipenda. Lakini naomba walimu wetu wa tafsiri wabadili zoezi moja tu kila muhula: badala ya hotuba ya waziri, watupe karatasi ya maelekezo ya inveta. Tuifasiri, fundi aisome mbele yetu na kutusahihisha, kisha ikabandikwe bandarini.