Windows 10 yaachwa bila ulinzi, wenye biashara wadinda kuhama

Oktoba 14, 2025 ilipowadia, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuutunza mfumo-endeshi wa Windows 10, miaka kumi baada ya kuuzindua. Hakuna tarakilishi iliyozimika siku hiyo. Mashine yenye mfumo huo katika kituo cha biashara cha Magunga, eneo bunge la Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, ingewashwa asubuhi iliyofuata na kuchapa barua kama kawaida. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Kilichokoma ni viraka, yaani marekebisho ambayo kampuni hiyo ilikuwa ikiyatuma kila mwezi kupitia mtandao ili kuziba nyufa ambazo wahalifu wanaweza kupenyea. Anayetaka kuendelea kulindwa alitakiwa ahamie Windows 11. Lakini mfumo huo, uliotolewa Oktoba 2021, hudai mashine yenye kipande maalumu cha usalama na kichakataji cha takriban mwaka wa 2018 kuja mbele. Maduka mengi ya mashambani hutegemea tarakilishi za mitumba, zilizokwisha kutumika ng'ambo kwa miaka kadhaa kabla ya kutua Mombasa. Kwa mwenye duka kama huyo, kuhama ni kununua mashine nyingine.

Ipo njia isiyohitaji kununua chochote. Mfumo wa Linux hutolewa bure, na mashine kuukuu huumudu. Aina yake mojawapo, Ubuntu, ilianzishwa mwaka wa 2004 na mfanyabiashara wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, na jina lenyewe ni ndugu wa neno la Kiswahili "utu". Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 baadaye, mtu anaweza kuzunguka saiba nyingi humu nchini kabla ya kuukuta ukitumika.

Wapo wanaosema kwamba wafanyabiashara wadogo ni wavivu wa kujifunza, au wanaogopa mambo mapya. Maelezo hayo hayaingii akilini. Ni wafanyabiashara hao hao walioipokea M-Pesa kwa mikono miwili ilipozinduliwa Machi 2007, na baadaye wakabandika nambari za malipo kwenye milango ya maduka yao. Kutoka sarafu hadi simu ni mruko mkubwa kuliko kutoka Windows hadi Linux.

Tofauti ni kwamba M-Pesa haikumtaka mtu aache chochote. Mwenye duka aliendelea kupokea noti na kuziweka kwenye droo, huku akiijaribu simu kidogo kidogo. Shughuli moja ikienda mrama, droo ilikuwa pale pale. Kubadilisha mfumo wa tarakilishi hakuna ukarimu huo. Duka lenye mashine moja au mbili hufunga la zamani leo na kufungua jipya kesho, pamoja na hesabu za madeni, orodha ya bidhaa na barua za miaka mitano. Faili moja ikikataa kufunguka, hakuna droo ya kurudia.

Isitoshe, tarakilishi ya biashara haiishi peke yake. Mpiga chapa alifunzwa Word katika chuo cha "pakeji" na vidole vyake vinajua njia. Fundi, ambaye pengine huitwa kutoka Homa Bay na kusafiri mwendo mrefu kufika Magunga, ameizoea Windows, naye hutoza nauli iwe ameitengeneza mashine au ameshindwa. Mwalimu huja na mtihani kwenye flashi, ameuandika kwa Word nyumbani. Ukifunguliwa katika programu nyingine, jedwali likasogea na swali la kumi likaangukia ukurasa wa pili, mwalimu hatataka mhadhara kuhusu uhuru wa programu. Atachukua flashi yake aende duka la jirani.

Yaani mwenye duka haambiwi abadilishe mashine tu. Anaambiwa, bila wenyewe kusema, ambadilishe fundi, mfanyakazi na mteja.

Serikali nayo ina mkono wake. Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ilipowahamishia walipa ushuru kwenye mtandao wa iTax katika muongo uliopita, taarifa za mapato zilijazwa kwenye fomu ya Excel yenye makro, ambazo ni amri fupi zinazokagua hesabu kabla ya fomu kupakiwa. Fomu ya programu za bure ilipatikana pia, lakini wahasibu wengi walikuwa wameshazoea ile ya Excel. Anayeshughulikia fomu za watu 30 mwezi Juni, makataa yakimkabili, hawezi kulaumiwa kwa kukataa kufanya majaribio.

Jambo ambalo watetezi wa Linux hawapendi kulisikia ni kwamba hoja ya "bure" haina makali hapa. Nakala za wizi za Windows zimezagaa kwa miaka mingi, na mwenye saiba aliyewekewa mojawapo na fundi haoni amelipia nini. Bure ikilinganishwa na bure, mtu hubaki alipo.

Wala hili si la vijijini pekee. Baraza la jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka wa 2003 kuacha Windows. Kazi ilichukua takriban miaka kumi na kuhusisha tarakilishi zipatazo 15,000. Mnamo Novemba 2017, baraza hilo hilo lilipiga kura kurejea Windows. Wanasiasa bado wanabishania kilichosababisha uamuzi huo, lakini malalamiko ya wafanyakazi na ugumu wa kubadilishana hati na ofisi nyingine yalitajwa waziwazi. Ikiwa jiji lenye wataalamu wake lilirudi nyuma, si ajabu duka la Magunga halijaanza safari.

Ni nini basi kinachoweza kuihamisha biashara? Mfano upo katika mfumo wa KRA wa kutoa ankara, eTIMS, uliozinduliwa mwaka wa 2023. Katikati ya miaka ya 2000, mashine za kielektroniki za risiti zilizua maandamano ya wafanyabiashara jijini Nairobi. Zilikuwa ghali na kila mtu alitakiwa anunue yake. eTIMS haikukosa kulalamikiwa, lakini iliruhusu ankara kutolewa kwa tarakilishi, tovuti, simu ya Android, na hata kwa kubonyeza *222# kwenye simu ya kawaida. Kuanzia Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliki katika hesabu za ushuru, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria. Shinikizo likatoka kwa mteja: shule au mwanakandarasi anayenunua saruji ndiye aliyeanza kuidai ankara.

Kwa Windows 10 hakuna mteja anayedai chochote, ingawa mteja ndiye mwenye hasara kubwa zaidi. Mtu anayejaziwa fomu saibani huacha nyuma nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA na mara nyingi nywila ya eCitizen, ambayo mhudumu huihifadhi ili asiulize tena mwaka ujao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtwika mzigo anayezihifadhi taarifa hizo. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga tarakilishi katika mataifa zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali za umma Uingereza. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo, ila waathiriwa hawakuwa wamekiweka. Mashine iliyoachwa haitatumiwa kiraka kama hicho hata mwenyewe akikitaka.

Microsoft ilitoa muhula kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayekubali kuunganisha mashine na akaunti yake ya mtandaoni. Biashara ziliwekewa bei ya dola 61 kwa kila tarakilishi kwa mwaka wa kwanza, inayoongezeka maradufu kila mwaka. Ni pesa nyingi kwa anayechapisha ukurasa mmoja kwa shilingi chache.

Iliyo rahisi zaidi ni kuiga M-Pesa ilivyoingia. Mashine ya zamani ibaki na Word, printa na hesabu, lakini ing'olewe kwenye intaneti. Nyingine, hata ikiwa kuukuu, iwekewe Linux kwa kazi za kivinjari pekee: eCitizen, barua pepe na kurasa za KRA zinazojazwa moja kwa moja mtandaoni. Fomu za Excel zingejazwa kwenye mashine ya kwanza na kuhamishwa kwa flashi, ambayo nayo inaweza kubeba virusi, kwa hivyo ulinzi huo una mianya. Lakini fundi yule yule angeweza kuianzisha kazi hiyo kwa siku moja, na mwalimu angeupata mtihani wake ukiwa haujasogea hata mstari.