Safisheni ukumbi Jumamosi, daini ufunguo Jumatatu

Kuna ukumbi wa kijamii mtaani kwenu ambao unaupita kila siku na siku hizi hata huuoni. Mabati yameliwa na kutu. Madirisha hayana vioo. Mlangoni kuna kufuli kubwa, na ukiuliza ufunguo uko na nani, kila mtu anakuelekeza kwa mwingine. Nyuma watu wanamwaga taka usiku. Ukutani kumeandikwa "Usikojoe hapa", na pua yako inajua vile onyo hilo linavyoheshimiwa.

Nakuomba mwezi huu ukusanye mabeshte zako muusafishe. Na nakuomba kitu kigumu zaidi ya kushika ufagio: msiusafishe kama watu wanaomsaidia mtu. Usafisheni kama wenye mali, kisha mdai kuutumia.

Najua utauliza kwa nini ukumbi, na mitaro imeziba kila kona. Mtaro ukiuzibua leo, mvua ya wiki ijayo inarudisha taka. Ukumbi ukiusafisha unabaki na kitu mkononi: paa, sakafu, ukuta na mlango unaofungika. Fikiria vile sisi tunaishi. Chumba kimoja, ndugu watatu, mtoto analia, jirani amefungulia redio. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kitu nilichokosa haraka kuliko hata masomo ni meza. Mahali pa kukaa saa nne ukifanya kazi yako bila mhudumu kukuuliza kama utaongeza chai. Msee anayetaka kujifunza kuhariri video, dada anayetaka kuanzisha darasa la kushona, kikundi cha densi kinachofanyia mazoezi kwenye maegesho ya magari: wote wanatafuta kitu kimoja, na kimejengwa tayari. Kimefungwa tu.

Na hizi kumbi si takataka za kawaida. Chukua Kaloleni hapa Nairobi. Mtaa ule ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na ukumbi ukawekwa katikati. Mkoloni alitaka Mwafrika apate burudani ya wikendi asiwe na muda wa siasa. Siasa ikaingia hapo hapo. Watu waliubandika ukumbi huo jina la House of Commons, kama bunge la Uingereza, kwa sababu mijadala mikali ya kudai uhuru ilifanyika ndani yake. Tom Mboya alihutubia mikutano hapo miaka ya 1950 akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Umri wako. Kwa hivyo mtu akikuambia ukumbi wa mtaa ni wa harusi na matanga tu, mwambie asome historia.

Sasa kuna hatari ambayo watu hawaizungumzii. Jengo la umma likionekana limetupwa, kuna mtu mahali fulani analiangalia kwa macho mengine. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza vile ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, hadi viwanja vilivyotengewa shule, masoko na vyoo vya umma. Gofu lisilo na watu ni rahisi kulinyakua. Hakuna wa kupiga kelele.

Linganisha na kilichotokea Januari 2015 katika shule ya msingi ya Lang'ata Road. Wanafunzi walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umezunguka uwanja wao wa kucheza. Walitoka kuusukuma, polisi wakawarushia vitoa machozi, nchi nzima ikaona. Uwanja ulirudishwa. Uwanja huo ulikuwa na bahati moja kubwa: ulikuwa na watoto waliokuwa wakiutumia. Jiulize, ukumbi wenu ukizungushiwa mabati kesho asubuhi, ni nani atakayejua amepoteza nini?

"Si hiyo ni kazi ya kaunti?"

Ndiyo. Ni kazi ya kaunti, na usikubali mtu akuambie vingine. Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la burudani na huduma za umma mashinani, zikiwemo maktaba na sehemu za mapumziko. Mama mboga analipa ada ya soko. Mwenye kioski analipa leseni. Pesa hizo ndizo zingenunua vioo na rangi. Kijana anayesema "siwezi kufanya kazi ya bure na kuna mtu analipwa mshahara kuifanya" si mvivu. Ana hoja. Na tangu Kazi Mtaani ya 2020, wakati wa corona, vijana wengi wamezoea kwamba kufagia mtaa ni kibarua kinacholipwa. Ukiwaita bure, swali la kwanza ni "kuna ngapi?"

Jibu langu ni hili. Ukisafisha kimya kimya ukarudi nyumbani, umemfanyia mtu wa kaunti kazi yake na amelala. Ukisafisha huku umeandika kila kitu, umepiga picha kila chumba, umehesabu kila dirisha lililovunjika na umejaza daftari la majina ya waliofika, basi unakuwa na ushahidi. Hapo jasho lako linakuwa swali ambalo ofisi lazima ijibu: sisi tumeweza kwa siku moja bila bajeti, nyinyi mmeshindwaje?

Kwa hivyo tupange vizuri.

Kabla ya siku yenyewe

Anza na ruhusa, na iwe ya maandishi. Hili ni jengo la umma na ukivunja kufuli, hata kwa nia safi, umejitafutia kesi. Andikeni barua kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa chifu na kwa ofisi ya MCA. Semeni tarehe, saa, idadi ya watu mnaotarajia na mnachokusudia kufanya. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa na mbaki na nakala. Humo humo ombeni lori la taka la kaunti siku hiyo. Wakikataa, mna karatasi inayoonyesha mliomba.

Angalieni wenzetu wa Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka wa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Kabla ya kufufua maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, zilizokuwa zimechoka kabisa, waliingia makubaliano na Kaunti ya Nairobi. Hawakuanza na rangi. Walianza na karatasi.

Pili, zungumza na watu walio hapo tayari. Karibu kila ukumbi uliotelekezwa una mtu anayelala kwenye baraza lake. Mara nyingi ni vijana wa umri wetu. Siku ya usafi isigeuke siku ya kuwafukuza. Nendeni siku kadhaa kabla, bila makamera, mkae nao. Wao ndio wanajua paa linavuja wapi na nyaya gani ziko wazi. Wakitaka kushiriki, waingie kwenye daftari kama wengine, wale chakula kile kile. Na wazee pia. Tafuta shosho mmoja aliyeolewa mtaani kabla wewe kuzaliwa, umsalimie vizuri na umuulize: "Shosho, hapa palikuwa panafanyika nini zamani?" Atakupa historia, na siku hiyo atakuja na kiti chake kukaa pale. Hakuna askari wa kaunti atakayekuja kukusumbua mbele ya shosho.

Tatu, pesa. Mnahitaji magunia, glavu, barakoa, sabuni, maji na chakula. Changeni hamsini hamsini, na mwekahazina atume hesabu kwenye grupu kila jioni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuwa hata na M-Pesa. Mheshimiwa akituma fulana zenye sura yake, mshukuruni kwa adabu na mmwambie mnachohitaji ni beleshi. Mkivaa sura yake, ukumbi umekuwa wake.

Siku yenyewe

Anzeni saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Gawaneni vikundi vya watu sita au saba: wa taka, wa ndani, wa choo, wa nje. Kila kikundi kiwe na mtu mmoja wa kuulizwa.

Halafu usalama, na hapa sitanii. Kumbi nyingi za zamani ziliezekwa kwa asbesto. Ukiona yale mabamba ya kijivu yaliyovunjika, usiyaguse, usiyafagie, usiyasugue. Vumbi lake huharibu mapafu na kuleta saratani, na kuyaondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA. Zungushieni kamba, pigeni picha, mwandike kwenye orodha ya madai. Kinyesi cha popo na njiwa kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kilowesheni kwanza, mvae barakoa. Vioo na sindano viokotwe kwa glavu nzito au koleo, wala si kwa mkono mtupu. Stima izimwe kwenye swichi kuu na fundi akague kabla mtu hajamwaga maji ukutani. Na chooni, usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu.

Taka nazo zisihamishwe tu kutoka mlangoni hadi mtoni. Plastiki na karatasi ziwekwe kando. Kuna waokotaji wanaoziuza na watakuja wenyewe. Zilizobaki ziende na lori, au mlipe mkokoteni uzipeleke panapokubaliwa. Viti vya chuma vilivyovunjika na milango iliyong'oka msiuze kama vyuma kuukuu hata mkishawishika vipi. Ni mali ya kaunti, na mkiiuza mtaitwa wezi mchana kweupe. Hesabuni, panga ndani, andika.

Picha pigeni. Za kabla na za baada, kutoka mahali pale pale. Selfi zitakuja zenyewe.

Jumatatu

Hapa ndipo juhudi nyingi hufia. Jumamosi watu themanini, Jumapili picha zinazunguka kwenye WhatsApp, Jumatatu kufuli linarudi mlangoni na baada ya mwezi taka zimerudi nyuma ya ukuta. Ukumbi mtupu huchafuka hata ukiufagia kila wiki. Kinachoulinda ni ratiba: Jumatatu ndondi, Jumanne densi, Jumatano chama cha akina mama, jioni wanafunzi wa kidato cha nne wakisoma. Bandikeni ratiba hiyo mlangoni siku ile ile ya usafi, hata kama ina vikundi vinne tu.

Kisha andikeni mambo mawili. Barua ya kwanza iombe habari. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upataji Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuuliza ukumbi huu ulitengewa pesa ngapi, ada za kuukodisha huenda wapi na nani ana ufunguo. Afisa ana siku 21 za kukujibu. Barua ya pili ni ombi rasmi kwa bunge la kaunti, haki uliyopewa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ambatisheni zile picha, orodha ya uharibifu na daftari la majina. Mwombe mambo machache yanayopimika: paa, vioo, stima, maji, na kamati ya watumiaji ambayo vijana wana viti ndani yake.

Mjue kalenda pia. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai 1, na makadirio ya bajeti yanapaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Ukienda kulia Julai, pesa zimeshagawanywa. Nendeni kwenye vikao vya maoni ya umma mapema, mkiwa wengi, na mseme jina la ukumbi hadi waandishi wa kumbukumbu walijue.

Usiniambie vijana hawawezi kujipanga. Juni 2024 watu wasiojuana walipanga maandamano kwa simu, wakachangia matibabu ya majeruhi, wakagawa maji barabarani, bila mwenyekiti wala afisi, hadi Rais akakataa kutia saini Mswada wa Fedha. Ukumbi mmoja wenye popo hautatushinda. Tofauti ni kwamba huu utahitaji subira ya miezi, na subira haitrendi.

Anza na kitu kidogo. Usiku wa leo, ingia kwenye grupu la ploti yenu uulize swali moja tu: ufunguo wa ukumbi uko na nani? Usiondoke hapo hadi upate jina.