Mambo ya Nyumbani: Akiba Huliwa na Mchwa

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Nasi tuliliona dogo, mpaka tulipoona kwa macho yetu jinsi lilivyokaribia kuwafarakanisha mume na mke waliokaa pamoja miaka 35 kwa amani. Jambo lenyewe ni magazeti ya zamani yanayorundikana nyumbani.

Wakati wa masika tulipita katika kijiji kimoja cha Bonde, si mbali na Muheza, tukakaribishwa na mwalimu mmoja aliyestaafu. Alitupokea kwa furaha, akatuambia, "Karibuni, ketini." Lakini mahali pa kuketi hapakuwapo. Juu ya viti palikuwa na magazeti, juu ya meza magazeti, na kando ya ukuta yamepangwa hata kufika kifuani mwa mtu. Bibi wa nyumba akaja mbio kuyaondoa, akasema kwa haya, "Mniwie radhi, ndugu zangu. Katika nyumba hii wageni husimama na magazeti huketi." Sisi tulicheka, lakini yeye hakucheka, wala Mwalimu hakucheka. Ndipo tulipojua kwamba pana neno.

Baada ya chakula Mwalimu alitoka kwenda kutazama mbuzi wake, na mama yule akatueleza habari zote. Alisema kwamba mumewe hakuwahi kulitupa gazeti lo lote tangu alipoanza kazi ya ualimu. Kwanza yalikaa sandukuni, kisha chini ya kitanda, kisha yakaingia chumba cha wajukuu. Mwisho cherehani yake, ambayo imewalipia watoto watatu ada ya shule, ikatolewa barazani, mvua ikaipiga, nayo ikaanza kushika kutu. Kila alipomwambia mumewe, jibu lilikuwa moja: "Mama, akiba haiozi."

Basi asubuhi moja kuni zilikuwa mbichi, naye alikuwa na hasira. Alichukua kifungu kimoja cha chini, akawashia moto. Kumbe kifungu kile kilikuwa cha Mambo Leo, gazeti lile lililoanza kupigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1923, nacho Mwalimu alirithi kwa baba yake. Na pembeni mwa ukurasa mmoja mzee yule alikuwa ameandika kwa mkono wake majina ya watoto wake wote, na siku walizozaliwa, na siku walizokufa wale wawili waliokufa wangali wachanga. Mwalimu alifika jikoni ukurasa ule umekwisha kuungua nusu. Hakupiga kelele. Aliutoa majivuni, akaukunja, akauweka mfukoni, akatoka. "Tangu siku ile ni wiki ya tatu," alisema mama. "Tunaamkiana asubuhi, tunaagana usiku. Katikati hapana neno. Nami sikujua, ndugu zangu. Sikujua kabisa."

Jioni Mwalimu naye alisema nasi faraghani. Alitueleza kwamba zamani, alipokuwa mtoto, kwao hapakuwa na kitabu hata kimoja ila magazeti yale ya baba yake, na kwa hayo alijifunza kusoma. "Kila nikitaka kulitupa gazeti," alisema, "naona kana kwamba namnyang'anya mtoto fulani kitabu chake." Tukamwuliza, "Na yale yaliyobaki ya baba yako yako wapi?" Akasema, "Yako chini, ukutani, salama."

Tukamwomba atuonyeshe. Akamwita mkewe alete taa, nao wakaanza kuondoa yale ya juu, huyu akipokea na huyu akitoa, bila kusema. Walipofika katikati, Mwalimu alitia mkono, na mkono ukazama. Magazeti yalikuwa mazima kwa nje, bali ndani ni udongo mtupu. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni kwa njia zao za udongo nyuma ya rundo, mahali ambapo jicho halifiki, wakala kimya kimya, labda miaka mingi. Mwalimu alisimama kitambo, kisha akamwambia mkewe, "Mama, wewe ulichoma kifungu kimoja kwa hasira. Mimi nimeyachoma yote kwa uvivu." Mama akajibu, "Ningekuuliza kwanza, Mwalimu, tusingefika hapa." Na usiku ule tuliwasikia wakizungumza hata saa nne.

Twawasimulia habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, wako walio hodari wa kutupa ambao hudhani kwamba kila karatasi ya mwenzao ni takataka. Kitu cha mwenzako, hata kikikuudhi kila siku, usikitoe wala kukichoma bila kumwuliza, kwa kuwa hujui kilichoandikwa pembeni. Ya pili, wako walio hodari wa kuweka ambao hudhani kwamba kurundika ni kutunza. Kitu kisichofunguliwa, wala kuhesabiwa, wala kupanguswa vumbi, hakikuwekwa, kimeachwa tu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tuseme lifaalo kutendwa. Mume na mke wachague siku moja, wala asiianze kazi mmoja peke yake. Watoe magazeti yote nje penye kivuli, wayagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ya kuweka: yenye mkono wa wazazi, yenye picha au habari za jamaa na kijiji, na yale ambayo mwenyewe aweza kusema kwa nini anayataka. Fungu la pili ni ya kuwapa wengine: shule, jirani, au wagonjwa waliolala hospitali wasio na kitu cha kusoma. Fungu la tatu ni yale yaliyoliwa au kuoza, nayo yachomwe mbali na nyumba pamoja na mchwa wake. Yaliyo safi yafaa pia kujalidia madaftari ya watoto. Lakini msifungie maandazi ya moto wala samaki wa kukaanga, kwani wino wa chapa huweza kuingia katika chakula.

Fungu la kuweka lipewe mahali pamoja, pasipozidi. Kabati moja au sanduku moja latosha, na likijaa, gazeti jipya likiingia la zamani litoke. Kabati hilo lisiguse ukuta, bali liwe mbali nao kadiri ya shubiri moja, na miguu yake iinuke juu ya sakafu. Maana mchwa hupenda kusafiri ndani ya njia ya udongo, na palipo na nafasi utaiona njia hiyo mapema na kuibomoa. Liwe mbali na dirisha pia. Karatasi nyingi za magazeti hufanywa kwa mti uliosagwa, na baadhi ya vitu vya asili ya mti hubaki ndani yake. Mwanga na hewa huvigeuza, karatasi ikawa ya manjano, kisha ikavunjika kama jani kavu. Pini za chuma ziondolewe, kwa kuwa kutu yake hula karatasi. Wala msiyafunge katika mfuko wa nailoni yakiwa na unyevu, yasije yakaota ukungu. Wengi huweka majani makavu ya mwarobaini kuwafukuza wadudu, nayo yafaa, lakini hayawi badala ya jicho la mwenyewe. Mara moja kila mwezi kabati lifunguliwe na kutazamwa.

Magazeti ya mwezi yafungwe kumi na mawili pamoja, yaani ya mwaka mmoja, na mwaka uandikwe juu ya kila kifungu. Katika daftari dogo iandikwe orodha yake. Na yale maneno ya wazazi yaliyo pembeni, majina na siku za kuzaliwa, msiyaache mahali pamoja tu. Yanakilini katika daftari la nyumba, mmoja asome na mwingine aandike. Waweza pia kuyapiga picha kwa simu, lakini daftari lisikose, kwa kuwa simu nayo hupotea, tena upesi kuliko karatasi.

Wale marafiki zetu wa Bonde walifanya hivyo. Dada yake Mwalimu, aliye mkubwa wa wote waliosalia, aliitwa, akakaa siku nzima akiwakumbusha majina yaliyoungua. Majina yote yalipatikana. Siku mbili hazikupatikana, nazo ni za wale wachanga waliokufa, kwa maana aliyezijua alikuwa mama yao. Mahali pa siku hizo Mwalimu ameacha nafasi tupu katika daftari, na ile nusu ya ukurasa ameibandika kando. Cherehani imepakwa mafuta, imerudi chumbani. Na tulipopita tena mwezi uliopita, tuliketi.

Mwisho, twajua vema kwamba gazeti hili nalo ni moja katika hayo yanayojaza nyumba zenu. Basi likisomwa, mpelekeeni jirani asiyelipata. Na kama mwaona lafaa kuwekwa, liwekeni kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba, mbali na ukuta.

Kaeni kwa amani, mpaka mwezi ujao.