Majina Yasiyoandikwa Kwenye Santuri



Wako wenzetu watakaouliza kwa nini ukurasa wa chama unatumia nafasi yake kuzungumzia santuri za Kimarekani. Tunawaomba watuvumilie. Nyimbo za kampuni ya Motown zimepigwa redioni na kwenye harusi tangu enzi za wazee wetu, na waimbaji wake tunawajua kwa majina: Marvin Gaye, Stevie Wonder, Diana Ross na wenzake wa Supremes. Sasa mwulize anayezicheza, besi ile alipiga nani? Atakuangalia tu.

Motown ilianzishwa mwaka 1959 mjini Detroit, mji wa magari, na Berry Gordy, kwa mkopo wa dola 800 kutoka akiba ya jamaa zake. Gordy alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha magari ya Lincoln-Mercury, na mwenyewe alieleza kwamba mpango wa kampuni yake aliutoa pale. Wimbo ulianza kwa watunzi, ukapita kwa wapigaji na waimbaji, kisha ukawekwa mbele ya kikao cha kukagua ubora kabla ya kwenda sokoni. Basi tusiite mahali pale jumba la starehe. Kilikuwa kiwanda. Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, ndani ya nyumba ya kawaida kwenye barabara ya West Grand Boulevard, na wapigaji walikiita Shimo la Nyoka.

Wapigaji hao walijulikana kwa jina la Funk Brothers. Earl Van Dyke kwenye piano, Benny Benjamin kwenye dramu, Robert White, Eddie Willis na Joe Messina kwenye magitaa, James Jamerson kwenye besi. Wengi wao walikuwa wapigaji wa jazi katika vilabu vya usiku. Jamerson alizivuta nyuzi kwa kidole kimoja tu cha shahada, na hata leo vijana wa besi duniani kote wanajifunza kwa kumwiga. Mara nyingi mtunzi alikuja na alama chache tu kwenye karatasi, na wao wakajaza yaliyobaki: mwendo, vionjo, ile sauti inayokufanya uinuke kitini. Hiyo nayo ni kutunga. Lakini kwenye vitabu vya hesabu iliandikwa kuwa ni kupiga tu. Mtunzi alipata mrabaha kwa kila santuri iliyouzwa. Mpigaji alilipwa ujira wa siku ile, na siku za mwanzo ulikuwa dola chache kwa wimbo. Sisi tunaijua kazi hiyo. Ni kazi ya kipande.

Baadaye wachache kama Jamerson walipewa mshahara wa wiki, na tusimnyime tajiri haki yake, ulikuwa mshahara mzuri. Ila pamoja na mshahara likaja katazo la kupiga kwingine. Walipiga kwa siri. Wimbo wa Jackie Wilson wa mwaka 1967 uliovuma sana, Higher and Higher, ulirekodiwa Chicago na baadhi ya wapigaji hao hao wa Motown.

Watunzi walikuwa na nguvu zaidi. Ndugu wawili Holland na mwenzao Dozier waliandika nyimbo 10 kati ya 12 za Supremes zilizofika namba moja Marekani. Mwaka 1967, walipoona mgao wao haulingani na kazi, waliingia mgomo baridi: nyimbo zikawa haziji. Kampuni iliwashitaki mwaka 1968, nao wakaishitaki. Kesi ilivutwa kwa miaka, lakini angalau walikuwa na kesi, kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye karatasi. Wapigaji wangeingia mahakamani na nini mkononi?

Majina ya wapigaji yalichapwa mwaka 1971, kwenye jalada la What's Going On ya Marvin Gaye. Ni zaidi ya miaka kumi tangu kampuni ianze. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles. Wapigaji wenyewe walisimulia kwamba walifika kazini wakakuta tangazo mlangoni. Hakuna mkutano, hakuna kiinua mgongo.

Jamerson aliifuata kazi Los Angeles, ikawa haba. Mwaka 1983 Motown ilifanya onyesho kubwa la televisheni la kuadhimisha miaka 25. Hakualikwa. Inaelezwa kwamba alijinunulia tiketi akakaa na watazamaji. Agosti mwaka huo huo alifariki, ana miaka 47. Sisi tunaoandika haya tuko katika umri huo, na habari hii inatuuma.

Msidhani wanamuziki wa Marekani hawakuwa na chama. Tarehe 1 Agosti 1942 chama chao kilisimamisha kurekodi nchi nzima. Makampuni yakachukua waimbaji, ambao hawakuwa wanachama, yakarekodi sauti tupu bila ala. Hata hivyo chama kilisimama. Kampuni ya Decca ilikubali mwaka 1943, na Victor na Columbia zikafuata Novemba 1944: kila santuri ikachangia mfuko wa wanamuziki. Kwa hiyo njia ilikuwapo miaka 15 kabla ya Motown kuzaliwa. Lakini chama hudai kwa kilichoandikwa, na kazi ya Shimo la Nyoka ilikaa muda mrefu bila majina.

Katika shamba moja la chai tulikoandikisha wanachama, tulikuta kilo za akina mama watatu zimeandikwa chini ya jina la nyapara. Tulipodai malipo yao, karani alifungua kitabu akatuonyesha: hawa hawapo. Walikuwa wamechuma msimu mzima.

Madai yao bado yako mezani kwa mwajiri. Mkutano ujao wa tawi utazungumzia vitabu vya mizani. Kila mchumaji aje na vikaratasi vyake vya kilo, hata vilivyochanika, na asiyepewa aje atuambie ni siku zipi alizochuma na nani alikuwa mbele yake kwenye foleni ya mizani.