Wasifu wa Baba Usingoje Msiba

Sote tumewahi kukaa chini ya turubai msibani tukasikiliza wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akaoa, akajaliwa watoto na wajukuu, akaugua, akafariki. Karatasi inakunjwa, tunainuka kwenda makaburini.

Aliyeiandika karatasi ile hana kosa. Mara nyingi ni mpwa au kijana wa nyumbani aliyepewa kazi hiyo usiku, huku simu zinaita na wageni wa mbali hawajapata pa kulala. Ameandika anachokijua.

Lakini watazameni waliokaa kwenye mikeka. Karibu kila mmoja ana jambo la marehemu ambalo halikusomwa. Yupo aliyelipiwa ada ya shule bila mtu mwingine kuambiwa. Wapo waliochimba naye mtaro siku za msaragambo, yeye akiwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuliweka jembe chini. Yupo mama mjane aliyeezekewa nyumba kabla ya masika. Hayo ndiyo yaliyomfanya mzee yule awe baba wa mtaa mzima, na ndiyo tunayomfukia nayo.

Je, wewe unayajua ya baba yako?

Shaaban Robert hakungoja msiba. Tunamkumbuka kwa mashairi, lakini kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali, mtu wa kuamka asubuhi kwenda ofisini. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Mwaka 1926 akaanza kazi katika idara ya forodha, akawa mtu wa uhamisho: alikaa Pangani, akapelekwa hadi Mpwapwa, akarudi Tanga. Mkewe, Amina, akafariki na kumwachia malezi ya watoto. Akiwa na kazi ya ofisi na majukumu ya nyumba, akapata muda wa kumtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Ni wosia wa baba kwa wanawe, juu ya adabu, kazi na kuishi na watu. Maisha yake mwenyewe akayaweka katika kitabu, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Alipofariki Juni 1962, wanawe hawakuwa na haja ya kubahatisha baba yao alikuwa nani.

Wala hakujiandika yeye peke yake. Alimfuata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, akamhoji akiwa hai. Bi Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu wake ukachapishwa mwaka 1958. Mama yule hakupata kusoma shule. Kama asingetokea mtu wa kuketi naye na kumsikiliza, mangapi tungeyakosa?

Mtaniambia Shaaban Robert alikuwa mtunzi, na nyinyi si watunzi. Sawa. Lakini simu iliyo mfukoni mwako inarekodi sauti. Jumapili hii, baada ya chakula, mwombe mzee akusimulie. Usimuulize maswali makubwa, kwa maana atakujibu kwa ufupi na kunyamaza. Muulize mshahara wake wa kwanza ulikuwa shilingi ngapi, na alimpelekea nani. Muulize nani alimpokea alipofika mjini. Nyumba hii tunayokaa, tofali zake zilifyatuliwa na nani? Halafu umwache aseme. Mama naye akiwa karibu atamsahihisha, na masahihisho ya mama yana thamani kubwa, kwa sababu wababa wengi huficha mema yao hata kwa watoto.

Toeni na zile picha za zamani. Nyuma ya kila picha andikeni majina, kwa penseli, akingali yupo mtu anayezitambua sura.

Na kazini je? Mwenzetu anapostaafu huwa tunamfanyia sherehe na kumpa zawadi. Ni vizuri, tuendelee. Ila wiki chache kabla hajaondoka, akae kijana mmoja pamoja naye na daftari. Fundi wa maji wa miaka mingi anajua bomba linapita wapi chini ya barabara, na huenda hata ramani haionyeshi. Mwalimu mkongwe anajua familia ipi ilitoa kiwanja cha shule. Mtu wa namna hiyo akiondoka bila kuulizwa, mtaa mzima unapata hasara.

Sasa nirudi msibani, kwa sababu ndiko ninakotaka hasa kuomba jambo. Tunao utaratibu mzuri ambao wazee wetu walituachia. Kabla ya mazishi, msemaji wa familia husimama na kutangaza: aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye aione familia. Tunafanya hivyo ili mzee wetu apumzike bila deni. Kumbe mtu mchapakazi, aliyeishi kwa ajili ya wengine, huacha pia watu waliokuwa wakimtegemea kimyakimya. Yule mtoto aliyekuwa akilipiwa ada, muhula ujao atarudi shuleni kwa fedha za nani? Kikoba alichokuwa akikitunzia daftari, nani anajua hesabu zake? Tukigawana shamba na nyumba, kwa nini tusigawane na hizi kazi zake?

Basi msemaji akishamaliza habari ya madeni, aongeze maneno haya: "Na kama kuna jambo marehemu alikuwa akikusaidia, tuambie, tuone nani kati yetu ataliendeleza." Si lazima familia iyaweze yote. Hata moja likishikwa na mtoto mmoja, inatosha kwa kuanzia.

Siku hiyo watajitokeza wachache, kwa kuwa wengi huona haya kuomba mbele za watu. Acheni arobaini ipite, kisha muwafuate majumbani kwao mkawaulize.