Nyoka Hana Watalii

Nairobi, nyoka ni tusi. Ni beshte aliyekuchoma kwa bosi, ni eksi wako, ni mheshimiwa aliyehama chama usiku. Hata ile methali ya aliyeumwa na nyoka kushtuka akiona ung'ongo tunaitumia kuongelea mapenzi. Wasee, kuna watu wanaumwa kweli.

Wanaumwa Baringo, Kitui, Kilifi. Wanaumwa wakichunga mbuzi, wakiokota kuni, wakilala sakafuni. Moma hakimbii. Anajilaza njiani akitegemea rangi yake imfiche, mpaka mguu umkanyage. Sumu yake inaozesha nyama, na mtoto akicheleweshwa anaweza kutoka hospitali bila mguu. Koboko yeye hupooza misuli ya kupumua. WHO inakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, ila mpaka 2017 ndipo ikaliweka jambo hili kwenye orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa.

Kupuuzwa kuna bei. Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, antivenomu ya nyoka wa Afrika, mwaka 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda Juni 2016. Wanaohitaji hiyo dawa hawana pesa. Basi soko likaamua. Chupa moja ya zilizobaki ni maelfu ya shilingi, na mgonjwa mmoja huhitaji chupa kadhaa. (Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hesabu hii haitaki digrii.)

Sasa njoo kwa serikali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama wa porini, na nyoka mwenye sumu alikuwa kwenye orodha. Baadaye akatolewa. Ndovu akikuua, watu wako wanaweza kudai. Koboko akikuua, poleni. Mimi naona sababu iko wazi: ndovu ana watalii, nyoka ana madai tu.

Arudishwe kwenye orodha. Si kwamba fidia inafufua mtu. Ni kwamba serikali ikijua kila kifo kitaigharimu milioni 5, ghafla itaona antivenomu ni rahisi, na friji ya kuiwekea pia.

Na usiniambie tuwaue wote. Nyoka wengi wa Kenya hawana sumu ya kumdhuru mtu, na panya wanaomaliza mahindi ghalani ndio chakula chao. Lakini nani atamhubiria mama wa Baringo uhifadhi wakati hospitali yenye dawa iko mbali hivyo? Anamponda kila anayetambaa, na mimi simlaumu.

Tunamcheka pia kwa kutumia jiwe la nyoka, lile jeusi ambalo mara nyingi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Halivuti sumu yoyote, kweli. Lakini liko kwa jirani, saa nane usiku. Zahanati ilifungwa saa kumi na moja jioni.