Shilingi hamsini kwa wiki, na wanaona kila kitu

Jumapili iliyopita binamu yangu alinitumia kiungo kwenye simu. "Kaka, weka hii kitu. Unapewa salio la shilingi 50 kila wiki na hufanyi kazi yoyote. Wanaangalia tu tovuti unazotembelea." Hilo "tu" ndilo limenifanya niandike leo, maana nalisikia kila mahali, hata kwa wenzangu niliosoma nao kompyuta chuoni. Eti makampuni makubwa yanatufuatilia bure, basi afadhali huyu anayelipa.

Mimi nasema huyu anayelipa ni mbaya zaidi.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mwaka wa 1999 huko California, kampuni iitwayo AllAdvantage ilianza kuwalipa watu senti 50 za dola kwa kila saa waliyokaa mtandaoni, mradi wakubali utepe wa matangazo kwenye skrini uliofuata wanakokwenda. Watu walijiunga kwa mamilioni. Wajanja wakaandika vijiprogramu vya kusogeza kipanya huku wenyewe wamelala, wakalipwa vilevile (hao nawavulia kofia). Mapema 2001 malipo yakakoma. Lakini angalau utepe ule ulikuwa mbele ya macho yako.

Sasa tazama wa siku hizi. Januari 2019 tovuti ya TechCrunch ilifichua kwamba Facebook ilikuwa ikiwalipa watu wa umri wa miaka 13 hadi 35 kiasi cha hadi dola 20 kwa mwezi ili waweke programu iitwayo Facebook Research. Miaka kumi na mitatu, jamani! Programu hiyo ilipitisha mawasiliano ya simu kwenye mitambo ya kampuni, na ilimtaka mtumiaji akubali kuongeza cheti kikuu kwenye simu yake. Hapa wengi husinzia, kwa hiyo nieleze polepole.

Unapofungua tovuti ya benki ukaona alama ya kufuli, maana yake kivinjari chako kimekagua cheti cha tovuti hiyo, na cheti hicho kimetiwa sahihi na mtu ambaye simu yako inamwamini. Orodha ya wanaoaminika imo ndani ya simu. Ukimwongeza mgeni katika orodha hiyo, anaweza kujitengenezea cheti cha karibu tovuti yoyote, akakaa katikati, akafungua bahasha yako, akaisoma, akaifunga tena na kuipeleka ilikokuwa ikienda. Kufuli bado unaliona. Benki haijui, nawe hujui. Sisi watengenezaji programu hutumia mbinu hii kazini kupima programu zetu wenyewe. Mara ya kwanza nilipoona neno langu la siri limelala pale kwenye skrini, wazi kama bei ya nyanya kibandani, nilinyamaza kidogo.

Hiyo ndiyo "kuangalia tu tovuti".

Na usidhani shabaha ni kukuonyesha tangazo la viatu. Mwaka wa 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Israeli iitwayo Onavo, iliyokuwa ikiwapa watu VPN ya bure. Nyaraka zilizotolewa na Bunge la Uingereza Desemba 2018 zinaonyesha jinsi Facebook ilivyotumia takwimu za Onavo kupima ukuaji wa WhatsApp. Mwaka wa 2014 ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Aliyeweka programu ile alidhani analindwa, kumbe anafanya upelelezi wa kibiashara. Sasa niambie bei ya haki ya taarifa kama hizo. Huwezi, kwa sababu hujui mnunuzi anaona nini ndani yake. Hata dalali wa maparachichi anapokuja Murang'a kununua mti mzima kwa kukadiria kwa macho, mkulima naye anayaona matunda. Anapunjwa, sawa, lakini anajua kilichotoka shambani mwake.

Basi zile shilingi 50 zinanunua nini? Zinanunua neno "Nakubali". Anayekufuatilia kwa siri unaweza kumwita mwizi. Anayekulipa ana risiti, na siku ukilalamika atakuonyesha. Hapa kwetu tuliyaona mwaka wa 2023, watu walipopanga foleni KICC kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin kwa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile zifutwe. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, mahususi, na ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Kijana asiye na salio, mbele ya kurasa kumi na nne za Kiingereza cha mawakili, ameelewa nini?

Wapo watakaoniambia kwamba watangazaji lazima wajue tunachosoma ndipo walipe. Si kweli. Kivinjari cha Brave, kilipoanza kuwalipa watumiaji kwa matangazo mwaka wa 2019, kilichagua tangazo ndani ya kifaa chenyewe bila kupeleka historia yako kwa mtangazaji. Nina maswali yangu kuhusu zile tokeni zao, lakini kwa usanifu huo nawapa heko. Kwa hiyo inawezekana. Anayetaka bahasha zako zote ameamua kuzitaka.

Nilimpigia binamu, nikamwuliza nani mwingine hutumia simu hiyo. Mama yake, akasema, usiku, akishaichaji. Shangazi yangu amekuwa akisoma kuhusu uvimbe wa matiti tangu Machi. Hajamwambia yeyote isipokuwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kutafuta. Yeye hakubonyeza "Nakubali" popote, na binamu hajui lolote, nami siwezi kumwambia.

Nilichomwambia ni aniletee simu Jumamosi. Kuifuta programu peke yake hakutoshi, cheti hubaki kwenye mipangilio ya usalama hadi ukitoe kwa mkono. Ameniuliza kama zile shilingi 50 za wiki hii atazipata kwanza.